NUTA, JUWATA, OTTU, Msondo: Bendi Ikibadilika, Mtunzi ni Nani?

Makala haya yanahoji jambo ambalo katika semina zetu za fasihi huwa tunalipita kama basi lenye haraka linavyoipita Haneti. Mwanafunzi anaandika kwenye insha yake kwamba "Mlimani Park wanaikosoa jamii kwa kumnyanyasa mwanamke," mwalimu anaweka alama ya vema, na maisha yanaendelea. Hakuna anayeuliza: Mlimani Park ipi? Ile ya 1979? Ya 1984? Au ya baada ya 1985, wakubwa walipokwisha ondoka? Mwanafunzi huyohuyo akithubutu kuandika kuwa "kampuni fulani ya uchapishaji inasema" pale alipopaswa kumtaja Shaaban Robert, ataitwa ofisini siku hiyohiyo.

Tunawatendea watunzi wa nyimbo za dansi kama vile hawana majina. Na hapa nisieleweke vibaya. Sisemi tuache kusoma nyimbo hizo. Nasema tuzisome kwa heshima ileile tunayoipa riwaya, na heshima ya kwanza ni kujua nani kasema nini, lini, na akiwa mwajiriwa wa nani.

Nitaitazama bendi moja kuliko nyingine: ile iliyoitwa NUTA Jazz, ikaitwa JUWATA Jazz, ikaitwa OTTU Jazz, na mwishowe ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mlimani Park itaingia kwa sababu ni mtoto wa nyumba hiyo, tena mtoto aliyehama na sufuria.

Tuanze na asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bendi nyingi za Tanganyika zilikuwa ni vilabu. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz na nyinginezo zilikuwa na wanachama, na mpigaji wa gitaa mchana alikuwa na kazi yake nyingine. Mwaka 1964 mambo yakabadilika. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari mwaka huo, serikali ililivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na kuunda chama kimoja cha wafanyakazi wote, yaani NUTA. Chama hicho kikaanzisha bendi mwaka huohuo. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo kijana wa Kisarawe, Muhiddin Maalim Gurumo, ambaye alikuwa ameshapita Kilwa Jazz.

Jambo jipya halikuwa muziki. Rumba ilikuwapo, cha-cha-cha ilikuwapo, santuri za Kuba zilikuwa zinasikilizwa kila pembe. Jambo jipya lilikuwa mshahara. Vyombo ni vya chama, jina ni la chama, na mwanamuziki ni mwajiriwa kama karani. Wengine wakaiga haraka: jeshi, polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1971 Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz. Baadaye hata Shirika la Bima la Taifa likawa na Bima Lee. Kwa mwanamuziki hii ilikuwa neema ya kweli, maana vyombo vya muziki ni ghali na havitengenezwi hapa. Lakini neema hiyo ilikuja na sharti ambalo wachache walilitafakari wakati ule. Unapoajiriwa kutunga, ulichotunga ni cha nani?

Swali hili si la Tanzania peke yake. Marekani kulikuwa na kundi la ridhimu na bluzi lililoitwa The Drifters, lililoanzishwa mwaka 1953 likiwa na mwimbaji Clyde McPhatter. Jina la kundi likawa mali ya meneja, George Treadwell, na waimbaji wakawa watu wa mshahara. Mwaka 1958 Treadwell aliwafukuza wote. Wote kabisa! Akachukua kundi jingine la vijana, The Five Crowns, akawavika jina la The Drifters, na mwaka uliofuata vijana hao, akiwamo Ben E. King, wakatoa wimbo uliopendwa mno. Msikilizaji aliyenunua santuri ya The Drifters mwaka 1954 na mwenzake wa 1959 walikuwa wamenunua kazi za watu wasiofahamiana, chini ya jina moja. Hapo ndipo unaona kwamba jina la kundi linaweza kuwa hati ya biashara tu, wala lisiwe jina la msanii.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa CCM, na chama cha wafanyakazi kikageuzwa kuwa jumuiya ya chama, JUWATA. Bendi nayo ikabadili shati. Wapigaji ni walewale, ukumbi ni uleule, lakini sasa ni JUWATA Jazz. Mwaka 1991, mageuzi ya vyama yalipoanza kunukia, jumuiya ikaondoka na OTTU ikaingia. Bendi ikawa OTTU Jazz. Vyama vya wafanyakazi vilipojipanga upya baada ya hapo, bendi ikaachwa ijitegemee, ikajiita Msondo Ngoma. Kwa hiyo ukitazama majina tu utadhani hizi ni bendi nne. Ukitazama watu, kuna uzi mmoja unaopita. Said Mabera, mpigaji wa gitaa la solo, aliingia mwaka 1973 na kubaki humo kwa miongo kadhaa, majina yakipita juu ya kichwa chake kama mawingu.

Mlimani Park ni kinyume chake: jina lilibaki, watu wakapita. Mwaka 1978 shirika moja la umma lililokuwa likiendesha teksi na usafiri, TTTS, lilikuwa na baa iitwayo Mlimani Park, si mbali na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baa inahitaji wateja, wateja wanahitaji dansi. Basi wakawachukua Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka kutoka JUWATA, pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar. Wakaongezewa Cosmas Chidumule kwa upande wa sauti, Joseph Mulenga kwenye gitaa, na fundi mkuu, Michael Enoch, mtu aliyekuwa amelea vijana wengi tangu akiwa Dar es Salaam Jazz. Mtindo wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, kama vile nyumba waliyotoka ilivyojipa jina la ngoma ya Msondo. Jamani, hata katika ugomvi wao walikubaliana kwamba jina la mtindo litoke kwenye ngoma za jadi za pwani!

Mwaka 1983 TTTS ilishindwa na bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Ndipo tukawa na DDC Mlimani Park, na kumbi za DDC Kariakoo na DDC Magomeni Kondoa zikawa maskani ya dansi. (Wenzangu wa Kondoa wanaofurahi kusikia jina la kwetu wakumbuke kuwa ile ni Kondoa ya Magomeni. Lakini jina ni jina. Nimewahi kumsikia mzee mmoja mjini kwetu akidai kwa uso mkavu kwamba Sikinde walikuwa wanapiga Kondoa kila wiki.)

Halafu 1985. Tajiri Hugo Kisima alikuwa na bendi yake, Orchestra Safari Sound, iliyokuwa na wanamuziki wenye asili ya Zaire wakiongozwa na Ndala Kasheba. Akaivunja safu hiyo, akaenda Mlimani Park, akaondoka na kundi la wanamuziki wake wakuu, Gurumo na Balthazar wakiwamo. Jina la Safari Sound likabaki. Muziki uliokuwa ukipigwa chini ya jina hilo ukawa mwingine kabisa, kwa mtindo uitwao Ndekule. Linganisha na Treadwell wa 1958 na utaona kwamba hakuna tofauti kubwa kati ya tajiri wa New York na wa Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba huku kwetu wanamuziki hawakufukuzwa kwenda kufa njaa. Kila bendi ilikuwa inamwinda mtu wa bendi nyingine kwa ahadi ya mshahara, nyumba au vyombo vipya. Nao hawakuwa mabwege. Walijua thamani yao, na kwa kuwa hawakuwa na haki katika nyimbo, silaha pekee waliyobaki nayo ilikuwa miguu yao. Kuhama ndiyo ilikuwa mirabaha yao.

Kwa mtazamo huu, tabia ya kuhamahama ambayo magazeti yaliizoea kuiita tamaa na usaliti inapata maelezo mengine. Shaaban Dede, aliyefariki mwaka 2017, alipitia Dodoma International, JUWATA, Mlimani Park na Bima Lee, na umri ulipokwenda alikuwa Msondo. Bitchuka alikwenda na kurudi kiasi kwamba kuandika orodha ya safari zake kunahitaji ukurasa wake. Gurumo mwenyewe alirudi nyumba ya zamani mwanzoni mwa miaka ya 1990, akamkuta Moshi William, TX, akiwa ameshakuwa sauti kuu pale.

Hadi hapa msomaji anaweza kusema: sawa bwana, hii ni historia ya muziki, fasihi iko wapi?

Iko hapa. Wimbo wa dansi wa miaka ile una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole: kisa kinasimuliwa kwa beti, mara nyingi kwa nafsi ya kwanza, na waimbaji wanapokezana au wanaimba kwa pamoja. Ya pili inachemka: magitaa yanashika usukani, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, na waimbaji wanarudia maneno machache, wanataja majina ya wenzao jukwaani, wanatupa kijembe kwa bendi shindani. Sasa, majina hayo ni sehemu ya matini. Mpiga solo akiondoka, jina lake linatoka katika wimbo na jipya linaingia. Kijembe kilichotupwa kwa JUWATA na mtu aliyetoka JUWATA mwaka jana si sawa na kijembe kilekile kikirudiwa na kijana ambaye hajawahi kukanyaga huko. Maneno ni yaleyale, maana imehama. Ukinukuu bila kujua safu, unanukuu nusu ya maana.

Tena kuna suala la sauti. Sisi tuliofundwa kwa mizani ya "fani na maudhui" tumezoea kuitafuta fani katika tamathali, takriri na vina. Katika wimbo sauti yenyewe ni fani. Sauti ya Gurumo ilikuwa nzito, ya mtu mzima anayezungumza barazani. Hata akilalamika, analalamika kama mjomba. Ya Bitchuka ni ya juu, nyembamba, inayokaribia kilio. Mpe Gurumo kisa cha mume aliyeachwa na utasikia onyo. Mpe Bitchuka kisa hichohicho na utasikia jeraha. Kwa maoni yangu hii ndiyo siri ya Mlimani Park ya miaka ya mwanzo: mafumbo yale yalikuwa na sauti zaidi ya moja za kuyabeba katika wimbo uleule, hivyo msikilizaji alipewa kisa pamoja na hukumu yake. Chidumule alipoacha dansi na kwenda kumwimbia Mungu, nyimbo alizozipa sauti ziliendelea kupigwa na waliobaki. Je, ni nyimbo zilezile? Mashabiki wa mpira watasema Simba ni Simba hata wachezaji wakibadilika. Lakini bao la zamani halifungwi tena kila Jumamosi na wachezaji wapya, na wimbo unapigwa.

Kuna hoja moja ninayoisikia sana kwa wenzetu, tena kwa kujiamini: kwamba nyimbo hizi ni fasihi simulizi ya mjini, na fasihi simulizi ni mali ya jamii, haina mtunzi. Hoja hii inavutia kwa sababu inatuondolea kazi. Nayo haina ukweli hata kwenye ngoma zenyewe. Manju anajulikana kwa jina. Hapa Ugogo nani asiyejua jina la Hukwe Zawose? Ni kweli kwamba wimbo wa bendi hutungwa kwa namna ya ushirika: mmoja analeta maneno na mahadhi, wenzake wanaupanga mazoezini, mpiga besi anaongeza lake, mpuliza tarumbeta lake. Lakini ushirika wa watu wanane wenye majina si sawa na kutokuwa na mtunzi. "Jamii" hapa imekuwa blanketi la kuwafunika watu fulani.

Na ni lazima tukiri kwamba redio ilisaidia kulitandaza blanketi hilo. Mpaka miaka ya mwanzo ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa studio, jukwaa na soko kwa wakati mmoja. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Bendi zilikuwa zinakwenda Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa ngumu mno. Basi bendi ilirekodi RTD, maneno ya wimbo yakiwa yamepitiwa kwanza na kamati, kanda ikabaki redioni, na wimbo ukarushwa miaka na miaka.

Kwa mkazi wa Dar hili halikuwa na uzito sana. Jumamosi alikwenda ukumbini akamwona Bitchuka kwa macho yake. Lakini kwa sisi wa bara! Kabla ya lami ya Dodoma hadi Babati iliyozinduliwa mwaka 2018, Kondoa ilikuwa mji wa vumbi na makorongo kwenye barabara kuu ya kaskazini, na bendi kubwa haikufika kila ilipotamaniwa. Tuliipata bendi kwa njia ya sauti tu. Ndiyo maana wazee wa kwetu wana ujuzi wa ajabu ambao mtu wa ukumbini hana. Hawamjui mwimbaji kwa sura, lakini ukiwapigia kanda watakwambia "hapa Gurumo hayupo tena," na watabishana mpaka jioni. Huo ni uhakiki, wenzangu. Ni uhakiki wa matini kwa masikio, na haujaandikwa popote.

Zipo bendi ambazo swali langu linazigusa kwa namna nyingine. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, mashabiki walimfuata yeye. Alipofariki ajalini mwaka 1979, bendi haikuwa na pa kushika. Vijana Jazz nayo ilimpoteza Hemedi Maneti mwaka 1990, lakini ikaendelea kwa kuwa ilikuwa na mwajiri nyuma yake. Na yupo mtu wa kwetu kabisa, Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi. Alipitia Dar es Salaam Jazz, mwaka 1970 akaanzisha Afro 70, iliyokwenda Lagos kuiwakilisha nchi kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977. Baada ya hapo Afro 70 haikusimama tena kama zamani. Mwaka 1979 tunamkuta Sweden akirekodi albamu ya Bado Kidogo na kundi la Archimedes. Hapo hakuna utata wa utunzi: Afro 70 ni Balisidya. Lakini angalia bei yake. Msondo, iliyokuwa ya kila mtu na ya chama, iliwazika waasisi wake na ikaendelea kupiga. Afro 70, iliyokuwa ya mtu mmoja mwenye jina, haikuvuka muongo.

Kwa hiyo mfumo wa mwajiri haukuwa wizi mtupu, na mtu atakayeandika hivyo atakuwa anarahisisha mambo. Uliwapa watunzi wetu muda wa kutunga. Ulichowanyima ni hati. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, chombo cha kuisimamia, COSOTA, kikafuata, wakati ambapo nyimbo bora za Gurumo na wenzake zilikuwa na umri wa miaka 15, 20 na zaidi. Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu baada ya nusu karne jukwaani. Habari zilizosambaa ni kwamba mzee hakuwa na hata gari, na mwanamuziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, akampa gari kama zawadi. Watu walishangilia, na kijana alistahili shukrani. Lakini zawadi si malipo, na kuipokea zawadi kutoka kwa mjukuu kwa kazi uliyoifanya ukilipwa mshahara wa mwezi kunasema mengi kuhusu vitabu vya hesabu vya waliokuwa wanamiliki kanda. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Wageni walituwahi katika hili. Kelly Askew na Alex Perullo, wote Wamarekani, wameandika vitabu vizima kuhusu muziki na taifa hili, wakiwa wamekaa na wanamuziki hao na kuwauliza majina. Sisi tulio na lugha, tena tunaoyaelewa mafumbo bila kamusi, bado tunaandika "Mlimani Park wanasema."

Pendekezo langu ni la kawaida sana. Tunaponukuu wimbo wa dansi tutaje vitu vitatu: aliyeuleta wimbo kwenye bendi, aliyeuimba katika rekodi tunayoisikiliza, na bendi pamoja na mwaka. Panapojulikana, tuongeze wapigaji. Itakuwa kazi, najua. Wimbo mmoja unaweza kuwa na toleo la RTD, la kaseti ya miaka ya 1990 na la jukwaani, kila moja na watu wake. Basi tuyatendee kama matoleo, kama tunavyofanya kwa tenzi zenye miswada mingi.

Na anayehangaika kutafuta mada ya tasnifu asiende mbali. Kanda za RTD zilirithiwa na TBC. Apande basi aje Kondoa akiwa na nyimbo kumi za Msondo na Sikinde kwenye simu, azicheze mbele ya wazee wetu, na aandike kila wanachobishania: nani anaimba beti la pili, nani kaingia kwenye kiitikio, gitaa hili ni la kabla au la baada ya watu kuhama. Kisha alinganishe na kumbukumbu za redio. Wazee wenye masikio hayo wanapungua kila mwaka, na wengine mpaka leo hawajakubaliana kuhusu nani alipiga solo.